Saladi ya dakika kumi kwa miche michanga: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Safu iliyopita niligusia, kwa mistari miwili tu, habari ya miche michanga: mbegu za mboga unazozimwaga kwa wingi kwenye trei, ukaikata miche ikiwa na siku saba hadi kumi na nne, ina yale majani mawili ya kwanza na pengine la tatu linachungulia. Unakula shina na majani; mizizi na udongo vinabaki kwenye trei. Mistari hiyo imeniletea maswali mengi kuliko safu nzima ya samaki wa kupaka. Nimechagua yale yanayorudiwa. Majina nimeyaacha, mitaa nimeiweka.

Shikamoo Shangazi. Natoka kazini saa kumi na moja, wageni wanafika baada ya magharibi. Nina trei moja ya figili na vitu vya kawaida vya jikoni. Nipe saladi ya haraka isiyoniaibisha. (Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Kwanza liondoe kichwani lile bakuli lililojaa miche mitupu. Miche ya figili ni mikali; mgeni akiitafuna peke yake ataanza kukohoa kabla hujakaa. Msingi wa saladi yako uwe kachumbari unayoijua, miche iwe kiungo cha mwisho, na ifike mezani ingali imesimama.

Kwa watu wanne chukua tango moja, nyanya mbili ngumu, karoti moja na nusu kitunguu. Kitunguu kikate vyembamba, kivuruge na chumvi, kikamue, kisuuze. Hilo huhitaji kufundishwa. Nyanya zitoe mbegu na maji yake, maana ndiyo yanayogeuza saladi kuwa mchuzi. Karoti ikwaruze. Kama ni msimu wa machungwa ya Muheza, menya moja, ondoa ule utando mweupe, kata vipande. Utamu wake unatuliza ukali wa figili kuliko sukari yoyote. Machungwa yakiadimika, embe bichi lililokatwa njiti linafaa, ila hapo ndimu uipunguze.

Sosi yake: vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha maji ya ndimu, robo kijiko cha chai cha chumvi, na asali kidogo. Tia kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, tikisa mpaka uone imekuwa nzito. Mimina juu ya zile mboga ngumu, changanya, onja. Sasa ndipo uiendee trei. Kata miche kwa mkasi safi, juu kidogo ya udongo, viganja viwili vilivyojaa. Isuuze upesi kwenye bakuli la maji ya kunywa, ikung'ute, itandaze juu ya kitambaa kikavu. Wageni wakishakaa, itawanye juu ya saladi na umalizie na korosho zilizokaangwa na kupondwa. Ukianza kumi na mbili kasoro robo, adhana itakukuta umeshanawa mikono.

Wawili kati yenu mmeuliza kuhusu mayonezi. Naomba msiweke. Hufunika ladha yote mliyoingojea wiki nzima, na kwa joto letu sitaki bakuli la mayonezi likae mezani huku watu wanapiga soga.

Mbona yangu inalala kama mlenda baada ya dakika tano tu? (Makorora)

Kwa sababu umeitia chumvi na ndimu mapema. Vyote viwili huvuta maji kutoka kwenye jani, na mche mchanga karibu wote ni maji. Ukimaliza maji yake umemaliza uti wa mgongo wake. Sosi ipate mboga ngumu, miche ipite juu ikiwa mikavu. Kama ni lazima uichanganye, ipake mafuta matupu kwanza, chumvi na ndimu vifuate mwishoni. Halafu angalia saa unayokata. Miche iliyoshinda dirishani juani hadi saa nane mchana imeshachoka kabla ya mkasi. Kata asubuhi na mapema, au imwagilie alasiri, isubiri kama saa moja, ndipo ukate.

Duka la pembejeo limeniuzia mbegu za kabichi zenye rangi ya waridi. Ni za aina gani hizo, na zinafaa kwenye trei? (Pongwe)

Hazifai, na nashukuru umeuliza kabla ya kula. Rangi hiyo huwekwa kuonyesha kwamba mbegu imepakwa dawa, mara nyingi ya kuzuia kuvu. Kabichi ya shambani inakaa miezi ardhini kabla ya kufika sufuriani, lakini wewe unataka kula mmea wa siku kumi, na ganda la mbegu mara nyingi bado limeng'ang'ania jani. Zipeleke bustanini, zitoe kabichi. Kwa trei, mwambie muuzaji waziwazi unataka mbegu ambazo hazijatiwa dawa, na usome pakiti mwenyewe.

Kuna njia nyepesi zaidi. Nenda kwa wauza viungo pale soko la Mgandini. Haradali, uwatu na giligilani zinauzwa kwa ajili ya kuliwa, kwa hiyo huna haja ya kuogopa dawa ya shambani, na bei ya kipimo kidogo haifanani na pakiti ya mbegu. Tatizo la mbegu za viungo ni umri: nyingine zimekaa gunia kwa muda mrefu hadi zimekufa. Usimwage trei nzima kwa kubahatisha. Hesabu mbegu 20, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, ziweke kwenye sahani iliyofunikwa. Haradali na uwatu zitakuonyesha vijimizizi ndani ya siku mbili tatu. Giligilani ipe wiki na zaidi. Zikiota 16 au zaidi, nunua tena kwa mtu yuleyule. Zikiota 6, tia kwenye bizari.

Giligilani ina siri yake: ile punje ya mviringo ni mbegu mbili zilizoshikana. Ipitishie chupa juu yake taratibu mpaka igawanyike, kisha iloweke usiku kucha. Hata hivyo itakuchukua wiki mbili na nusu hadi tatu, na wengi wanakata tamaa siku ya kumi. Alizeti nayo inaloweshwa, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, lakini hakikisha ni ile yenye maganda na haijakaangwa. Mbegu za mchicha usinunue hata kidogo ukiwa na bustani. Acha mashina mawili yazeeke yatoe masuke, yakaushe, yapukuchue, utapata za kukutosha wewe na jirani. Miche yake ni midogo na haina ukali, inapendeza kwa watoto.

Udongo je? Wengi mmeuliza. Tanga hatuna sababu ya kununua mboji ya mfuko wakati makumbi ya nazi yanatupwa kila mahali. Usumba, yaani nyuzi za makumbi hayo, uliochambuliwa na kusagwasagwa unashika maji vizuri, ni mwepesi, hauna magugu. Ila uloweke na kuusuuza mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu makumbi, hasa yaliyoozeshwa karibu na bahari, yana chumvi, na chumvi inazuia mbegu kuota. Tandaza sentimita mbili au tatu kwenye trei yenye matundu chini. Mwaga mbegu zikaribiane lakini zisipandane. Funika kwa trei nyingine, weka kitu cha kilo moja au mbili juu, acha gizani siku mbili hadi tatu. Uzito unailazimisha mizizi ishuke na miche itoke sawasawa. Halafu ifunue, isogeze kwenye mwanga wa dirishani, siyo jua kali la moja kwa moja.

Trei yangu ya figili imeota manyoya meupe kwenye mizizi. Mama anasema ni ukungu niitupe. (Raskazone)

Usiitupe bado. Nyunyizia maji kidogo. Manyoya yakilala na kupotea, hayo ni vinyweleo vya mizizi, figili na haradali huvitoa kwa wingi. Vikipata maji vinashikamana na mzizi. Ukungu hauondoki kwa maji. Unatanda kama utando wa buibui kutoka mche mmoja hadi mwingine, unapanda shina, na ukiinama kunusa utajua mwenyewe.

Ukiwa ukungu kweli, mama ameshinda na trei inakwenda jalalani. Na kwetu mambo haya ni ya kutarajia, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa inapokuwa nzito na nguo hazikauki kambani. Miche huanza kuoza shinani na kuanguka kwa mafungu. Punguza mbegu, maana msongamano ndio chanzo kikuu. Acha kumwagilia juu: weka trei yenye matundu ndani ya sinia lenye maji kidogo, inywe kwa dakika kumi, kisha umwage yaliyobaki. Na kama una feni, iache ipulize upande ule kwa mbali. Trei iliyowahi kuugua ioshe kwa sabuni na uianike juani kabla ya kupanda tena.

Watoto wameotesha kila kitu cha jikoni: maharage, mtama, mbegu za nyanya. Vyote vimestawi. Tuvile? (Sahare)

Wapongeze, kisha vimwageni vyote vitatu.

Maharage mabichi yana protini iitwayo lektini, inayoleta kutapika na kuhara vibaya. Punje nne au tano tu zisizoiva zimewahi kutosha kumuangusha mtu. Kuota hakuiondoi. Inayoiondoa ni maji yanayochemka kweli. Miche ya nyanya, na ya ndugu zake wa ukoo mmoja, kama biringanya na viazi mviringo, ina sumu kwenye majani na mashina. Na mtama ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa unaonekana hauna madhara: ukiwa mchanga majani yake hutengeneza sumu ya sianidi. Wafugaji wanalijua hilo, ndiyo maana hawaachii ng'ombe kwenye mtama unaochipua. Mtu anayekupa orodha ya "kila mbegu ni saladi" hajawahi kufuga.

Wape watoto haradali, mchicha, alizeti na njegere kavu. Njegere itawafurahisha, inapanda kwa vikono na ni tamu.

Mume wangu anasema hizi ni sawa na choroko zilizochipuzwa. Pia mimi ni mjamzito wa miezi mitano. (Ngamiani)

Hongera bibie. Mume amekaribia, lakini hajafika. Chipukizi, kama choroko, huoteshwa kwenye maji au kitambaa chenye unyevu, gizani, na zinaliwa nzima pamoja na mbegu na mzizi. Joto lile, maji yale, siku tatu bila hewa ya kutosha: bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa bakteria wa E. coli uliua zaidi ya watu 50 na kuwafanya karibu 4,000 kuugua, na wachunguzi walipofuatilia wakafika kwenye chipukizi za uwatu zilizooteshwa kwa mbegu zilizotoka Misri. Uwatu huuhuu tunaounywesha wazazi baada ya kujifungua. Kosa halikuwa la uwatu kama uwatu. Bakteria walipanda na mbegu, na namna ya kuchipuza ikawapa nafasi ya kuongezeka.

Miche michanga inakua kwenye mwanga na hewa, na unakata juu ya udongo ukiacha mbegu na mizizi, hivyo hatari yake ni ndogo. Ndogo, siyo sifuri. Kwa mjamzito ushauri wangu ni huu: chipukizi mbichi za aina yoyote usile mpaka ujifungue. Choroko zako zipike, zichemke mpaka mvuke utoke, utie nazi, mambo yameisha. Miche michanga nayo itupie ndani ya supu au mayai dakika mbili kabla ya kuepua. Utapoteza ukakamavu wake, ladha itabaki. Hali kadhalika kwa watoto wadogo sana, wazee waliodhoofu, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili imeshuka.

Nimesikia ina vitamini mara 40 kuliko mboga ya kawaida. Ni kweli au ni biashara? (Bombo)

Kuna ukweli uliotiwa chumvi ya biashara. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25 za miche michanga: vitamini C, E, K na karotini. Walipolinganisha na majani yaliyokomaa, kwa uzito uleule, walikuta viwango vikubwa zaidi, kati ya mara 4 na mara 40 kutegemea aina na kirutubisho. Kabichi nyekundu iliongoza kwa vitamini C.

Sasa soma tena maneno "kwa uzito uleule". Nani anakula gramu 200 za miche ya haradali? Unaweka kiganja kimoja, labda gramu 20. Bakuli la mchicha wa nazi unalokula na ugali lina uzito mara kumi ya hapo. Kwa hiyo usimwachishe mtu mchicha, matembele wala kisamvu kwa sababu ya trei ya dirishani. Mimi naiotesha kwa ladha na kwa ule mlio wa kutafuna, na vitamini zikija juu yake nazipokea. Anayekuuzia kikopo kimoja kwa bei ya kuku eti kinatibu sukari, muage kwa adabu.

Baba anatumia warfarin kwa ajili ya moyo. Anaweza kula? (Chuda)

Majani ya kijani yana vitamini K, na warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, inafanya kazi kwa kupingana nayo. Hatari haiko kwenye kuonja, iko kwenye kubadilisha ghafla: wiki hii hakula, wiki ijayo anakula bakuli kila siku. Amweleze daktari wake wa kliniki kwanza, kabla ya kuanza, ili vipimo vya damu vifuatiliwe.

Nikikata zinachipua tena? (Mabokweni)

Figili, haradali, mchicha na alizeti hapana, umeshakata kichwa. Njegere ndiyo, ukiacha kijicho cha chini kabisa cha shina, ingawa awamu ya pili ni dhaifu. Mizizi na usumba uliobaki vitupie kwenye mboji.

Sina friji, na nataka kubeba saladi kazini. (Duga)

Kukosa friji si kikwazo hapa, maana miche ikiwa hai kwenye trei inajihifadhi yenyewe. Panda trei ndogo tatu kwa kupishana siku tatu, ukate ya kutosha mlo mmoja tu. Wenye friji nao wasioshe kabla ya kuhifadhi: miche mikavu, ndani ya kopo lenye karatasi ya jikoni chini na juu, itakaa siku tano hivi bila kulainika.

Kwa kazini tenganisha vitu vitatu. Mboga ngumu kwenye kopo, sosi ya ndimu na mafuta kwenye kichupa, miche kwenye mfuko wa karatasi ndani ya kitambaa chenye unyevu kidogo. Vikutane saa ya chakula. Samaki, yai au tui usivibebe bila barafu. Kwenye joto la nyuzi 32, na hilo kwetu wakati wa kaskazi ni jambo la kila siku, chakula cha namna hiyo kikipita saa moja nje kimeshaingia kwenye mashaka.

Mama mkwe akiona sahani anasema, "Mmenipikia majani ya mbuzi." Nifanyeje? (Mwanzange)

Usimpe saladi. Mpe pweza.

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, chukua pweza mdogo, mchemshe mpaka kisu kiingie bila kusukuma, mkate vipande, mchome kidogo juu ya mkaa. Kamua tui zito, kikombe nusu, tia maji ya ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, na pilipili kwa kiasi anachovumilia yeye. Tui hilo usilipike, na usilikamue mapema. Libaki bichi, lisizidi saa moja mezani. Mimina juu ya pweza angali vuguvugu. Juu kabisa weka miche ya giligilani kama unayo, au haradali, kidogo tu, kiasi ambacho wazee wetu wangeweka kotimiri. Kwa mkate wa kumimina pembeni, atakula kwanza, kisha atauliza hicho kijani ni nini. Ukimjibu kwamba ni haradali, atakuambia kwao walikuwa wanaila tangu zamani, nawe umwitikie.